Jina Linalotangulia Kazi: Chapa za Filamu za Kihindi na Sarafu za Kilwa



Ukipita katika mitaa ya zamani ya Kilwa Kivinje, au ukishuka kusini hadi Lindi na Mikindani, utakuta nyumba za mawe ambazo dari zake zimekwisha anguka na miti imeota ndani ya kumbi zake, lakini milango yake ya nakshi, pale ilipobaki, ingali inasema na mpita njia. Wazee wetu wa pwani hawakuuona mlango kuwa ni mbao tu za kumzuia mwizi. Mlango ulikuwa ni ulimi wa nyumba. Katika milango kadha wa kadha ya mwambao huu fundi alichonga juu yake aya, au jina la Mwenyezi Mungu, au mwaka wa kujengwa nyumba, ili mgeni ajue, kabla hajavuka kizingiti, anaingia kwa nani na mwenye nyumba huyo anamtegemea nani.

Leo nataka tuzungumze habari za mlango wa namna nyingine, ambao wazazi wetu wengi waliupita mara nyingi. Mlango huo ni chapa ya kampuni, yaani ile alama iliyokuwa ikitokea kwenye pazia jeupe taa zinapozimwa, kabla ya majina ya wachezaji, katika filamu za Kihindi.

Huenda ukaniuliza: Je, jarida la namna hii lina haja gani na mambo ya sinema? Nami nakujibu kwamba sikusudii kumsifia mtu sinema, wala kumshawishi asiyekwenda kwamba amekosa jambo. Nakusudia jambo moja tu, nalo ni kwamba kila mtu anapoanza kazi yake huanza kwa jina fulani, na jina hilo ni ushahidi anaoutoa mwenyewe juu ya nafsi yake. Watu wa Bombay walitoa ushahidi wao kwa chapa. Masultani wa Kilwa walitoa wao kwa sarafu. Na wewe na mimi tunatoa wetu kila siku, dukani, chomboni na majumbani.

CHAPA ZILIZOTUFIKIA

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931. Tokea hapo filamu za Bombay, Pune na Madras zilivuka bahari ile ile iliyokuwa ikivukwa na majahazi ya Kachchh, zikafika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha zikazunguka katika miji midogo ya mwambao. Sisi wa kusini tulikuwa watu wa kungoja. Njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa na Lindi ilikuwa taabu kubwa wakati wa masika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Filamu iliyotufikia ilikuwa imekwisha tazamwa na watu wengi mno, na mikwaruzo yake ilionekana kama mvua ya manyunyu.

Lakini chapa ilionekana, na watu waliijua. Mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja ya Kihindi aliweza kukuambia, kwa kuitazama alama tu, kwamba picha hii ni ya fulani. Basi na tuzitazame chapa chache.

Kampuni ya Prabhat ilianzishwa Kolhapur mwaka 1929, ikahamia Pune mwaka 1933. Chapa yake ilikuwa mwanamke aliyesimama akipuliza baragumu refu lililopinda, linaloitwa tutari. Mtu wa pwani alipomwona mwanamke yule hakuhitaji mkalimani, kwani siwa tunaijua. Siwa ya pembe za ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilipulizwa katika mambo makubwa: kutawazwa mfalme, harusi za wenye vyeo, na siku kuu. Aliyeona baragumu likipulizwa alijua kwamba anaitwa ahudhurie, na kwamba jambo linalokuja si dogo.

Mmoja katika waanzilishi wa Prabhat, V. Shantaram, alitoka akaunda kampuni yake Bombay mwaka 1942, akaiita Rajkamal. Wengi walidhani jina hilo ni la ua tu, kwani kamal ni yungiyungi. Lakini asili yake ni majina ya wazazi wake, baba yake Rajaram na mama yake Kamala. Kila filamu ya kampuni ile ilipofunguliwa, ilifunguliwa kwa jina la baba na mama. Ndugu msomaji, dini yake na yetu ni mbali mbali, lakini kumkumbuka mzazi mbele ya watu ni tabia ambayo hakuna mtu wa pwani atakayeikataa.

Kule Madras kulikuwa na studio ya Gemini ya S. S. Vasan, ambayo chapa yake ilikuwa watoto pacha wakipuliza tarumbeta. Filamu yake ya mwaka 1948, Chandralekha, ilienea Bara Hindi lote.

Kisha kuna chapa ambayo huenda iliwakaa watu wa pwani moyoni kuliko zote, nayo ni ya Raj Kapoor. Alianzisha kampuni yake mwaka 1948, na mwaka uliofuata akatoa filamu iitwayo Barsaat. Katika filamu hiyo mna mwanamume ameshika fidla mkono mmoja, na mwanamke amemwangukia katika mkono wa pili. Taswira hiyo ndiyo iliyofanywa chapa ya kampuni. Na kabla yake huonekana baba yake Raj, mzee Prithviraj Kapoor, akiabudu kwa desturi ya Kibaniani. Hapo pana mambo mawili pamoja: ibada ya baba, na mapenzi na muziki wa mtoto. Filamu ya Awaara ya mwaka 1951 ilipendwa mno Zanzibar na mwambao wote, na nyimbo za filamu za namna hiyo ziliingia hata katika taarabu, zikavalishwa maneno ya Kiswahili.

Wazee wengi, na masheikh pia, hawakupendezwa. Walisema kuwa giza la ukumbi na mchanganyiko wa wanaume na wanawake ni mlango wa fitina. Katika miji mikubwa wenye sinema walijibu kwa kuweka maonyesho ya wanawake peke yao, nayo yalijaa. Lakini lilibaki jambo la pili, ambalo ni kubwa zaidi: mtoto wa Kiislamu ameketi akitazama filamu inafunguliwa kwa ibada isiyokuwa yake. Je, anajua anachokitazama? Je, yupo mzazi aliyemweleza kwamba kila mtu huanza kwa anachokiamini, na kwamba yeye naye ana lake la kuanzia?

MTU WA BILIMORA

Katikati ya chapa zote hizo ilikuwako moja ambayo ilimfanya Mwislamu wa pwani anyanyue kichwa. Pazia lilionyesha nyundo na mundu, na katikati herufi ya jina la mwenye kampuni. Kisha ikasikika sauti ya mtu ikighani mistari miwili ya Kiurdu. Maana yake kwa ufupi ni kwamba uadui wa watu, hata ukizidi kiasi gani, haubadilishi neno, kwani la kuwa ni lile tu alilolipitisha Mungu.

Hiyo ilikuwa ni chapa ya Mehboob Khan. Na ajabu ni kwamba hata asiyejua Kiurdu aliambulia kitu, maana katika mistari ile mlikuwa na maneno ambayo sisi tunayatumia sokoni: mdai, na laki. Wao husema muddai na lakh. Lugha ya Waislamu wa Bara Hindi na lugha yetu zimenyonya maziwa kwa mama mmoja katika maneno mengi: dunia, wakati, kitabu, safari, habari. Kwa hiyo mtu wa Kilwa aliyeketi mbele ya chapa ile hakujiona mgeni kabisa.

Mehboob alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1907 huko Bilimora katika Gujarat, nchi ile ile walikotoka wengi katika Mabohora na Makhoja waliofungua maduka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Alikuwa mtoto wa watu wa kawaida, na elimu ya shule aliyoipata ilikuwa haba sana. Alikimbilia Bombay kutafuta kazi ya sinema, akaanzia chini kabisa, miongoni mwa wachezaji wasio na majina. Katika filamu ya kimya ya Alibaba na wezi arubaini, ya mwaka 1927, yeye alikuwa mmoja katika wale wezi. Msomaji anayejua Alfu Lela Ulela na afikiri: mtu huyu alianza kazi yake akiwa mmoja katika arubaini waliojificha mitungini!

Alipopata kuongoza filamu yake ya kwanza, mwaka 1935, iliitwa Al Hilal, na kwa jina la pili Hukumu ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1943 filamu za kampuni yake mwenyewe zikaanza kutoka, chini ya chapa ile ya nyundo na mundu.

Hapo wengi hushangaa. Vipi nyundo na mundu, ambazo duniani zilijulikana kuwa ni alama ya Wakomunisti, ziwekwe pamoja na maneno ya kumtegemea Mungu? Mehboob hakuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, na hutajwa kuwa ni mtu aliyeishika sala yake. Kwake yeye nyundo ilikuwa ya mfanyakazi na mundu wa mkulima, na yeye alitoka kwao. Sisi katika nchi hii jambo hilo halitutatizi, maana ngao yetu ya taifa ina jembe na shoka, na bendera ya CCM, chama kilichozaliwa mwaka 1977, ina jembe na nyundo. Zana ya kazi si itikadi peke yake, bali ni heshima ya jasho. Basi chapa ya Mehboob ilisema maneno mawili: fanya kazi kwa mikono yako, na matokeo mwachie Mwenyezi Mungu. Sisi tunaambiwa mfunge ngamia wako kisha utawakali. Yeye alilisema neno hilo kwa picha.

Lakini chapa haiishi bila mitihani. Mwaka 1957 Mehboob alitoa filamu yake kubwa, Mother India, yaani Mama India. Mwaka 1958 ikaingizwa katika mashindano ya Oscar ya Marekani, katika fungu la filamu za lugha za kigeni, ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa. Katika nakala fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Magharibi, ile nyundo na mundu iliondolewa ili isiwachukize wenyeji. Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Kuondoa chapa mlangoni ili ukaribishwe kwa mkubwa, ni hekima au ni udhaifu? Mfanyabiashara atasema ni hekima. Lakini na ajiulize kila mmoja wetu: ni mara ngapi tumeliondoa jina letu, au salamu yetu, au vazi letu, kwa kuogopa uso wa mtu?

SARAFU ZA KILWA

Sasa na turudi nyumbani, kwani nimekuahidi Kilwa. Huenda ukadhani kuwa jambo la kuweka jina la mwenye kazi pamoja na maneno ya kumtegemea Mungu, katika alama moja, ni jambo la watu wa Bombay. Sivyo. Karne nyingi kabla ya Mehboob kuzaliwa, lilifanywa hapa hapa, katika kisiwa ambacho mtu akisimama Kilwa Masoko anakiona kwa macho yake.

Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Ni sarafu ndogo, za kununulia mahitaji ya kila siku. Upande mmoja liliandikwa jina la Sultani. Upande wa pili yaliandikwa maneno ya Kiarabu ya kwamba yeye anamtegemea Mola Mwenye neema. Na maneno hayo yalitiwa vina na jina la Sultani, yaani ukigeuza sarafu mkononi, upande huu unamwitikia wa pili kama mshororo na mwenziwe. Zilizo nyingi hazina mwaka wala jina la mji. Masultani waliona kwamba mambo mawili yanatosha: jina la mwenye dhamana, na jina la Yule anayemdhamini mwenye dhamana.

Fikiri, ewe msomaji! Bibi aliyekwenda kununua samaki Kisiwani alishika kiganjani jina la mfalme na tawakali ya mfalme kwa pamoja. Hii ndiyo chapa, na ilitembea kuliko filamu yoyote. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilifukuliwa Zimbabwe Kuu, mbali ndani ya bara, kwenye njia ya dhahabu. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia alikuta sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyekuwa akitawala Kilwa alipofika msafiri Ibn Battuta, mwaka 1331. Ndiye pia anayetajwa kwa jengo la Husuni Kubwa na kwa kuupanua Msikiti Mkuu. Watu walimwita Abul Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja Sultani alikuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, akakutana na fakiri kutoka Yemen, naye akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile, na Sultani akakubali tena. Akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, kisha akamwita fakiri aje azichukue zile za kwanza.

Basi hapo ndipo chapa ilipokutana na kitendo. Mtu ambaye sarafu za nyumba yake zilisema kuwa wanamtegemea Mwenye neema, hakuogopa kuvua kanzu mbele ya maskini. Aliamini maneno yaliyopigwa katika shaba.

Hata hivyo haki ni kusema yote. Masimulizi hayo yanaendelea kwamba mwana wa Sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi, na Sultani naye akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Hatuna budi kulisoma hilo pia. Watu ishirini walitolewa kama zawadi, na hakuna aliyeandika majina yao. Kilwa Kivinje, karne nyingi baadaye, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na katika pwani hii hii wako wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa. Jina la Mwenyezi Mungu lililoandikwa katika sarafu halikumtakasa aliyeitumia sarafu hiyo kumnunua mtu. Jina lile lilikuwa ni hoja juu yake, wala halikuwa kinga yake.

Na Ibn Battuta anaongeza jingine. Al-Hasan alipofariki, alimrithi ndugu yake Daudi, ambaye tabia yake ilikuwa kinyume. Mwombaji akimjia, humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha kitu cha kutoa. Nyumba ni ile ile, kiti ni kile kile, nasaba ni ile ile. Chapa hurithiwa, lakini moyo haurithiwi.

KAZI NDIYO SHAHIDI

Tukizitazama sarafu ya Kilwa na chapa ya Mehboob pamoja, tunaona kuwa zote mbili zinamwuliza mwenyewe swali moja: je, yanayofuata yanafanana na uliyotangulia kuyasema?

Mehboob alijibu vipi? Tazama kisa cha Mama India. Mwanamke mkulima aitwaye Radha anaonewa na mkopeshaji wa kijijini, Sukhilala, ambaye kwa deni lililoandikwa katika daftari asilolijua mkulima anakula mavuno mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo riba, ndugu zangu, na sura yake imeonyeshwa pale bila pazia. Mume anaondoka, mtoto anakufa, njaa inaingia, na mkopeshaji anamtaka mama yule auze heshima yake kwa chakula. Anakataa. Kisha mwanawe mpenzi, Birju, anakuwa jambazi, na katika kulipiza kisasi anamteka binti wa mkopeshaji. Mama anashika bunduki anamwua mwanawe kwa mkono wake, kwa sababu heshima ya binti wa kijiji, hata awe binti wa adui, ni amana.

Sisi tumeamrishwa tusimamishe uadilifu ijapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi na jamaa zetu. Kuua si kazi ya mama, wala hukumu si ya mtu mmoja mwenye bunduki, na hilo hatulikubali. Lakini lile swali tunalijua sote. Mtoto wako akimharibia binti wa watu, utasimama na nani? Wangapi katika miji yetu wameficha uovu wa mtoto kwa sababu tu ni damu yao? Wengi waliolia mbele ya filamu ile walikuwa akina mama, nao hawakulilia mapambo.

Mehboob alifariki tarehe 28 Mei 1964, siku moja baada ya kufa Jawaharlal Nehru. Studio yake ya Bandra, aliyoijenga katika miaka ya 1950, ilibaki na jina lake. Studio ya Raj Kapoor iliungua mwaka 2017, kisha ikauzwa kwa kampuni ya kujenga majumba. Mahali pa Prabhat huko Pune pakawa chuo cha serikali cha filamu tokea mwaka 1960. Na Kilwa? Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kutengenezwa. Masultani, waongozaji na wachezaji, wote wamekwenda. Kilichobaki ni jina waliloanzia, na kazi inayolishuhudia au kulikanusha.

MLANGO WAKO WEWE

Nyumba nyingi za sinema za mwambao zilikwisha fungwa. Leo picha za Kihindi zinaingia majumbani kwa televisheni na simu, tena nyingine zimetiwa sauti ya Kiswahili na wasimulizi wetu. Mtoto hana subira ya kungoja, chapa inaruka kwa kidole kabla haijamaliza kujieleza. Zamani ukumbi mzima uliisoma chapa pamoja, na mzee aliyekaa pembeni akaeleza hii ni ya nani. Siku hizi mtoto huingia katika nyumba ya watu bila kutazama mlango.

Basi nakuomba mambo mawili mepesi, ewe mzazi wa Kilwa, wa Lindi, na wa mwambao wote.

La kwanza, ukiona mwanao anatazama, keti naye mara moja moja, umwulize: ni nani waliofanya kazi hii? Wameanza kwa jina gani? Wanasifu nini, na wanafanya nini baada ya kusifu? Kupiga marufuku tu bila maelezo ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Lakini mtoto aliyefundishwa kusoma mlango, hata ukiwa haupo ataangalia kabla ya kuingia.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatugusa sisi wakubwa. Tazama chapa zako. Tumefundishwa kwamba kila jambo lenye uzito lianzwe kwa Bismillahi, na alhamdulillahi, tunaanza. Duka lina Bismillahi juu ya mlango, je, mizani iliyo chini yake ni sawa? Chombo kina jina la Mwenyezi Mungu ubavuni, je, baharia analipwa ujira wake kabla jasho halijakauka? Mwanamke amevaa kanga yenye maneno ya subira na tawakali, je, jirani amesalimika na ulimi wake? Baraza ya mkopo inafunguliwa kwa dua, je, daftari lake halifanani na la Sukhilala?

Shaba ya Kilwa imekaa ardhini na baharini mamia ya miaka, na jina lililopigwa juu yake lingali linasomeka. Watakaokuja baada yetu nao watatusoma. Hawatatazama tuliandika nini tu, bali watatafuta kama mtu aliyeandika aliwahi kuvua kanzu yake alipoombwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho wa kazi zetu ufanane na mwanzo wake. Amin.